Andika Ulichokiona

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia, na maana yao ilikuwa kwamba hakuna awezaye kumzuia mwenziwe asitazame. Lakini kutazama ni jambo moja, na kukitambua kitu kilichotazamwa ni jambo jingine. Mlinzi aliyesimama lindoni, polisi aliyeko zamuni, na mama aliyeketi barazani akiwaangalia watoto wachezao mbali, wote wana macho. Tofauti iliyopo baina yao imo katika neno wanalolitamka baada ya kuona. Habari ya sajini mmoja wa polisi wa majini kutoka Uganda, aliyekwenda pwani ya Kenya kujifunza kuwatambua nyangumi, ni habari ya neno hilo.

Ilikuwa mwisho wa juma katika mwezi wa Septemba, wakati upepo wa kusi umeanza kupungua nguvu. Mahali penyewe ni Watamu, kusini ya mji wa Malindi, ambako bahari iliyo karibu na ufuko imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968. Chini ya banda la makuti walikusanyika watu kumi na wanne: manahodha wa boti za watalii, walimu wa shule za msingi, vijana wa chuo, na mpishi mmoja wa hoteli. Pembeni kabisa aliketi sajini huyo pamoja na mkewe. Wenyeji walipojua kazi yake walianza kumwita Afande, wakamwachia kiti kilicho karibu na nguzo ili apate mahali pa kuegemea.

Sajini hakuletwa pale na mapenzi ya nyangumi. Kwa muda wa miezi mitatu alikuwa akirudi nyumbani kutoka zamuni, akila chakula chake na kunyamaza. Watoto walijifunza kuzungumza kwa kunong'ona. Mkewe, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, aliona nyumba yao imekuwa kama kituo usiku wa manane. Dada yake ameolewa Gede, karibu na Watamu, na mumewe ni nahodha. Huyo nahodha, mwanyumba wa sajini, ndiye aliyepeleka habari kwamba kutakuwa na mafunzo ya siku mbili kwa watu wa boti, walimu na mgeni yeyote apendaye. Mke akaomba nafasi mbili, akamhimiza mumewe aombe likizo, wakapanda basi la Nairobi na kuunganisha jingine hadi pwani. Njiani sajini aliuliza mara moja tu, "Mama Watoto, mtu wa ziwani na nyangumi wapi na wapi?" Mkewe akamjibu kwamba maji ni maji.

Mwalimu wa mafunzo alikuwa binti wa pwani aliyesomea viumbe wa baharini. Alianza kwa swali ambalo wengi waliliona jepesi: je, nyangumi ni samaki? Mpishi akajibu kwamba ni samaki mkubwa kuliko wote. Mwalimu hakumcheka. Alichukua vipande viwili vya ubao vilivyochongwa mfano wa mkia, akasimamisha kimoja wima na kulaza kingine. Samaki, akasema, mkia wake umesimama, naye huupunga kushoto na kulia. Nyangumi na pomboo mikia yao imelala, nao huipiga juu na chini. Papa shilingi, mwenye madoa meupe mgongoni kama sarafu, huweza kuupita urefu wa pomboo mara kadhaa, lakini mkia wake ni wima, tena hana haja ya kuja juu kutafuta hewa. Huyo ni samaki. Nyangumi huvuta pumzi kama binadamu, huzaa mtoto aliye hai, na humnyonyesha. Ndiyo sababu mtu aliye botini aweza kumwona: kila baada ya muda lazima aje juu kupumua, atake asitake.

Basi wakaanza kufundishwa pumzi. Nyangumi wenye nundu, ambao ndio hasa wageni wa pwani hii kuanzia Julai hadi Oktoba, hutoa pumzi fupi na nene, mfano wa kichaka cha mvuke kilichopasuka juu ya maji. Nyangumi wa ambari, yule mwenye kichwa kikubwa kama gogo, ana tundu moja tu la pumzi, nalo liko mbele upande wa kushoto, kwa hiyo mvuke wake hulala mbele kwa mshazari. Wazee wa pwani waliifanyia biashara ambari yake karne nyingi kabla ya kuwapo mafunzo yoyote. Yuko pia nyangumi wa Bryde, mwenye mifuo mitatu juu ya kichwa na pezi lililopinda kama mundu. Huyu apigapo mbizi si kawaida yake kuuonyesha mkia, hali yule mwenye nundu huukunja mgongo na kuuinua mkia wote juu. Kwa hiyo mtambuzi hatazami umbo peke yake. Hutazama pumzi, mgongo, pezi na mkia, kisha huhesabu dakika ambazo mnyama amekaa chini.

Sajini aliyaandika yote kwa mwandiko wa kituoni, safu kwa safu. Mambo haya hayakuwa mageni kwake. Alipoambiwa kwamba watazamaji hugawana bahari, mmoja kulia na mmoja kushoto, kwamba kwanza hutumia macho matupu na baadaye darubini, na kwamba hubadilishana zamu kabla macho hayajachoka, alitikisa kichwa kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

Adhuhuri likaja jaribio. Mwalimu alionyesha picha kumi, moja moja, kila picha kwa muda wa sekunde tano. Nyingine zilikuwa za nyangumi, nyingine za pomboo, nyingine za gogo, za wimbi, za mtumbwi ulioonekana kwa mbali. Kila mmoja alipewa fomu yenye vyumba vitatu mbele ya kila picha: Hakika, Yamkini, na Haijulikani. Chini yake palikuwa na mahali pa kueleza kilichoonekana. Sajini alimaliza kabla ya wote. Alikuwa amejaza chumba cha Hakika mara kumi.

Majibu yaliposomwa, alikuwa amekosea manne. Mwanyumba wake, aliyeishi baharini tangu utoto, alikuwa ameandika Haijulikani mara tatu, na katika zile alizoziita hakika hakukosea hata moja. Mwalimu akamsifu mbele ya wote. Akasema kwamba fomu yenye "haijulikani" tatu za kweli inaweza kutumiwa na mtaalamu aliye mbali, kwa sababu ajua aziamini ngapi. Fomu yenye hakika kumi ambazo nne ni uongo haifai kitu, kwa sababu hakuna ajuaye ni nne zipi.

"Lakini mwenye zamu akisema hajui," sajini akauliza, "waliomweka zamu watamwonaje?"

"Watajua kwamba yafaa kwenda kutazama, Afande," akajibu yule binti.

Alilisema bila kumlenga mtu, maana hakuwa na habari yoyote ya maisha ya mgeni wake. Sajini alikunja fomu yake katikati, akaikunja tena, akaitia mfukoni. Chakula cha mchana hakukila.

Jambo alilolibeba lilitokea mwezi wa Juni, katika kituo kimoja cha ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Jioni moja, upepo ukivuma na mwanga ukipungua, alikuwa zamuni na konstebo kijana. Mbali sana upande wa kusini kilionekana kitu cheusi, kirefu, kikiinuka na kuzama pamoja na mawimbi. Konstebo akauliza, "Afande, kile ni nini?" Sajini akainua darubini, na kioo chake kilikuwa na ukungu. Tangu miaka ya 1990 watu wa ziwa hilo wamezoea kuona visiwa vya magugu maji vikisukumwa na upepo kutoka ghuba hadi ghuba. Akasema, "Magugu." Kisha akaketi na kuandika katika kitabu cha matukio: "Saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, magugu maji yaelea kusini. Hali shwari."

Ulikuwa mtumbwi uliopinduka, na juu yake walikuwa wamejishikilia wavuvi wawili. Asubuhi wavuvi wenzao walimleta mmoja akiwa hai. Wa pili, kijana ambaye hakuwa amefikisha miaka ishirini na mitano, nguvu zilimwishia kabla ya mapambazuko, akauachia mtumbwi.

Uchunguzi ulifanywa. Waliochunguza walisoma kitabu, wakapima umbali, wakaangalia saa ya machweo, wakaridhika kwamba hakuna aliyekosa. Kitabu kilisema magugu, na magugu huonekana huko kila siku. Sajini hakukatwa mshahara wala hakushushwa cheo. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Kitabu kilimtetea kwa neno aliloliandika yeye mwenyewe, ilhali moyoni alijua kwamba wakati analiandika hakuwa na hakika nalo. Angeandika, "Kitu cheusi, hakijulikani," mtu angelazimika kuuliza kwa nini boti haikutumwa. Aliandika magugu, na neno hilo likafunga mlango.

Jioni ya Jumamosi, baada ya swala ya magharibi, washiriki walirudi bandani kusikiliza historia. Mwalimu alisimulia safari ya nyangumi wenye nundu wa upande huu wa dunia. Wakati wa kiangazi cha kusini huwa katika bahari ya baridi inayoizunguka Antaktika, wakijilisha viumbe wadogo mfano wa uduvi. Majira ya baridi yakikaribia huko, huanza safari ya zaidi ya kilomita 6,000 kuja katika maji ya vuguvugu kuzaa na kutafuta wenzi. Jike hubeba mimba kwa muda wa karibu mwaka mzima. Mtoto azaliwapo huwa na urefu wa mita nne au zaidi, na uzito unaokaribia tani moja. Muda wote awapo huku, mama hula kidogo mno au hali kabisa, huku akinyonyesha kutokana na mafuta ya mwili wake. Akina mama waliokuwapo waliguna kwa pamoja.

Kisha alieleza jinsi walivyokaribia kwisha. Katika karne ya 20 meli za uwindaji ziliwaua nyangumi wenye nundu zaidi ya 200,000 katika nusu ya kusini ya dunia. Mwaka 1963 mataifa yalikubaliana kwamba wasiwindwe tena huko. Mwaka 1979 Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa mahali patakatifu pa nyangumi, na mwaka 1982 ukapitishwa uamuzi wa kusimamisha uwindaji wote wa biashara, ulioanza kutumika kati ya miaka 1985 na 1986. Lakini kwa miaka mingi wataalamu walishangaa kwa nini hesabu hazilingani, kwa nini nyangumi walizidi kupungua kuliko daftari zilivyoonyesha. Jibu lilikuja mwaka 1993, wakati mwanasayansi wa Urusi, Alexey Yablokov, alipotoboa siri hadharani. Meli za Urusi ya Kisovieti, tangu baada ya Vita Vikuu vya Pili hadi mapema katika miaka ya 1970, ziliwaua nyangumi wenye nundu zaidi ya 48,000 huko kusini. Katika taarifa rasmi waliandikwa wasiofika 3,000. Wachache waliokuwamo katika kazi hiyo walihifadhi takwimu za kweli kwa siri, na ndizo zilizowezesha hesabu kusahihishwa.

Bandani palikuwa kimya. Mpishi akauliza waliwezaje kuandika 3,000 hali walihesabu 48,000. Nahodha mmoja mzee akamjibu kwamba karatasi haina kinywa, hupokea ipewacho.

Usiku ule sajini alitoka nje ya nyumba ya wageni, akaenda kuketi mchangani. Maji yalikuwa yamekupwa, na mbali kwenye mwamba mawimbi yalikuwa yakivunjika kwa sauti ya chini. Mkewe akamfuata na kanga mbili, moja ya kujifunika na moja ya kumfunika yeye. Kwa mara ya kwanza tangu Juni alimweleza yote: ukungu wa kioo, swali la konstebo, na jinsi neno lilivyomtoka kabla hajafikiri. Alieleza pia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote. Wiki moja baada ya ajali, yule mvuvi aliyenusurika alifika kituoni, akasimama mlangoni akauliza, "Tulikuwa tukiiona taa yenu usiku kucha. Ninyi hamkutuona?" Na yeye sajini akamjibu, "Hatukuona kitu."

Mkewe alikaa kimya kitambo kirefu. Hakumwambia kwamba si kosa lake, kwa kuwa maneno hayo aliyasikia kwa wengi na hayakumsaidia. Alisema tu, "Baba Watoto, basi kuna vitabu viwili vya kusahihisha."

Jumapili waliamshwa alfajiri. Boti ilipita katika mlango wa mwamba wakati jua linachomoza, na mara bahari ikabadilika rangi kutoka kijani hadi buluu ya kilindi. Mawimbi marefu ya kusi yalikuja ubavuni. Mpishi na kijana mmoja wa chuo walichafukwa na moyo, wakalazwa tezi wakipepewa. Wengine walikaa mahali pao kwa zamu ya nusu saa nusu saa, na mmoja wao akawa mwandishi wa fomu. Kila nusu saa mwandishi aliandika hali ya bahari: mapovu meupe ni mengi au machache, mwanga unatoka wapi, macho yaweza kufika umbali gani. Mwalimu alisema kwamba kutoona kitu nako ni taarifa, mradi ijulikane mtu alitazama kwa muda gani na katika hali gani.

Walikuwa wamefundishwa kuifananisha boti na uso wa saa, omo ikiwa penye namba 12 na tezi penye namba 6. Baada ya saa nzima ya maji matupu, mwalimu mmoja wa shule akapiga kelele, "Saa tatu! Saa tatu!" Nusu ya watu wakageukia kulia, kwenye namba 3. Nusu nyingine, waliozoea kwamba saa tatu ya asubuhi mshale huwa juu ya namba 9, wakageukia kushoto. Wawili wakagongana vichwa. Pomboo sita waliokuwa wakiruka upande wa kulia wakapita zao, na upande wa kushoto hapakuwa na aliyewaona. Mwalimu akatoa amri kwamba tangu hapo itajwe namba, isitajwe saa. Sajini akacheka kwa sauti, akacheka mpaka akafuta macho. Mkewe aligeuza uso akatazama maji, asije akamwona analia.

Kabla ya saa nne, mwanyumba wake aliinua mkono bila kusema neno, kisha akatamka, "Namba moja. Pumzi." Kichaka cheupe kilisimama juu ya maji, kikapeperushwa. Kando yake kikatokea kingine kidogo, kama cha mtoto anayemwigiza mamaye. Nahodha akapunguza mwendo, halafu akazima mashine, kwa kuwa siku ya kwanza walifundishwa kutowakaribia, na kumwacha mnyama mwenyewe achague umbali. Mgongo mweusi ukajitokeza, na juu yake pezi fupi lililokaa juu ya nundu. Mtoto alikuja juu mara tatu katika muda ambao mama alikuja mara moja. Kisha mama akaukunja mgongo, na mkia wote ukainuka taratibu, maji yakichuruzika pembezoni. Chini yake ulikuwa mweupe wenye mabaka meusi, kama karatasi iliyomwagikiwa wino.

Kijana wa chuo aliupiga picha. Mwalimu akaeleza kwamba mabaka hayo hayafanani kwa nyangumi wawili popote duniani, na kwa picha ya namna hiyo mnyama mmoja huweza kutambuliwa tena baada ya miaka, katika nchi nyingine. "Kama alama za vidole," akasema sajini, na watu wakakubali kwamba mfano huo umefaa. Katika fomu iliandikwa: nyangumi mwenye nundu, wawili, mama na mtoto. Hakika.

Zamu ya sajini kuandika ilifika kuelekea adhuhuri. Jua lilikuwa kali, upepo umeongezeka, na mapovu meupe yametapakaa kila upande. Ghafla watu watatu wakapiga kelele kwa pamoja. Mbali, penye mng'ao wa jua, kitu cheusi kirefu kilikuwa kimeinuka, kikazama, kikainuka tena. "Nyangumi! Wa ambari! Tazama kichwa chake!" Mmoja akaapa kwamba ameiona pumzi. Boti ilitikisika kwa watu kukimbilia upande mmoja, na nahodha akawakemea. Kitu kile kikaonekana mara ya tatu, kisha hakikuonekana tena. Waligeuza boti kuelekea pale, wakangoja kwa saa nzima, wakizunguka taratibu. Hapakuwa na lolote.

"Andika, Afande," wakamwambia. "Nyangumi wa ambari. Wote tumeona."

Sajini alikuwa na kalamu mkononi. Naye pia alikuwa ametazama kwa darubini safi isiyo na ukungu, na sehemu ya moyo wake ilitaka sana awe nyangumi wa ambari, apate la kuwasimulia watoto. Aliandika polepole: "Saa sita kasoro dakika nane. Namba kumi, mbali sana. Kitu cheusi, kirefu, kimeonekana mara tatu. Mtazamaji mmoja asema ameona pumzi, mwandishi hakuiona. Mkia haukuonekana. Jua lilikuwa usoni." Kisha akatia alama katika chumba cha Haijulikani.

Manung'uniko yalikuwapo. Mpishi, ambaye sasa alikuwa amepata nafuu na kuinuka, alisema kwamba Afande amewanyang'anya nyangumi wao. Mwalimu aliisoma fomu, akatia sahihi yake chini, akampa mwandishi wa zamu iliyofuata.

Siku ya tatu baada ya kurudi Uganda, sajini na mkewe walikwenda kwa yule mvuvi. Walimkuta akishona wavu mbele ya nyumba, na mama wa marehemu alikuwa amekuja kumletea mihogo. Hawakukaribishwa kiti mara moja. Sajini alisimama, akavua kofia, akasema mbele ya wote wawili kwamba jioni ile alikiona kitu, hakujua ni nini, akaandika magugu, na alipoulizwa mlangoni alisema hakuona. Akasema hayo, akanyamaza.

Mvuvi aliendelea kushona matundu mawili matatu. Kisha akasema, "Kumbe tulionekana." Hakuongeza neno. Mama wa marehemu ndiye aliyeingia ndani na kutoka na kiti kimoja, akakiweka mbele ya mke wa sajini. Kwa sajini hakuleta. Walikaa hivyo mpaka jua likaanza kushuka, wakaaga wakaondoka.

Siku iliyofuata sajini alikwenda kwa mkuu wake wa kituo akatoa maelezo yale yale kwa maandishi, yaunganishwe na faili la uchunguzi. Mkuu aliyasoma mara mbili, akamwuliza kama ajua anachokifanya. Akajibu kwamba ajua. Maelezo yakapelekwa juu, na jibu lake bado halijarudi. Mkewe shuleni amewazoeza wanafunzi wake kuandika "sijui" pale wasipojua, na nyumbani mtoto akileta habari ya ugomvi wa jirani huulizwa kwanza kama ni hakika au ni yamkini. Watoto wamerudi kuzungumza kwa sauti zao, tena wakati mwingine humwuliza baba yao swali hilo hilo.

Mwezi wa Novemba, sajini akiwa zamuni na konstebo yule yule, kitu cheusi kilionekana tena upande wa kusini, kikipanda na kushuka. Konstebo hakuuliza ni nini. Alimtazama sajini tu. Sajini akasoma saa, akaandika, "Saa kumi na moja na robo. Kitu cheusi kusini, mbali. Hakijulikani. Boti imetumwa." Boti ikaenda, ikachukua dakika arobaini kwenda na kurudi. Walipofika gatini, mashine ilikuwa imesongwa na mizizi, na askari mmoja alikuwa amelowa hadi kifuani kwa kuing'oa.

"Magugu, Afande," akasema. "Petroli yote ile kwa magugu."

Sajini alikubali kwa kichwa. Akafungua kitabu, akaongeza mstari chini ya ule wa kwanza: "Kimefikiwa na kuguswa. Ni magugu maji. Hakika." Kisha akampa konstebo kalamu, ampokee zamu.